Picha Anayoitaka Mzee

Oliver alikuwa amelala kifudifudi kwenye ukingo wa shamba la mahindi, tumbo limelowa umande, kamera mkononi, akimwomba Mungu alete treni kabla mguu wa baba yake haujamuua.

Haikuwa mzaha. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umeanzia kidoleni, ukapanda, na sasa mguu wa Mzee Masinde ulikuwa mweusi hadi kifundoni. Daktari alisema wazi: ukatwe wiki hii, ama familia ianze kutafuta mbao za jeneza. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, lakini hawakumjua Masinde. Aliutumia ujana wake wote kuendesha treni za mizigo, kisha akaacha kazi ghafla bila kumwambia mtu kwa nini. Sasa alikuwa amelala kwake Matete, na kabla ya hospitali alitaka kitu kimoja tu.

"Niletee picha ya treni ikitoka kwa kona ya Lugari," alimwambia mwanawe. "Reli ionekane, na kando ya reli pia. Nikiiona vile nataka, mnibebe mnipeleke popote."

Oliver alikuwa mpiga picha wa harusi na matanga. Alidhani hiyo ni kazi ya asubuhi moja.

Treni za siku hizi hazina saa, lakini alizivizia akazipata. Alipata kichwa cha treni kikivuta matangi ya mafuta, Mlima Elgon umekaa nyuma yake utadhani umealikwa. Alipata makontena yakipasua katikati ya mahindi yaliyochanua. Siku moja alipata hata kichwa kikuukuu cha aina ileile aliyoendesha mzee, kikitema moshi mzito, akarudi nyumbani akipiga mluzi.

Kila jioni mzee aliisogeza simu ya Oliver karibu na pua, akaitazama picha, akairudisha.

"Bado. Piga ingine."

"Baba, shida ni nini? Mwanga?"

"Bado, nimesema."

Oliver akapiga kutoka upande wa pili wa reli. Mzee akakasirika, akauliza ni nani aliyemwambia ahame pale kwenye kona. Usiku huo homa ikapanda.

"Si uongee na yeye?" dada yake Gentrix alimwambia nje ya mlango, mikono yake inanuka dawa ya kidonda. "Huo mguu unammaliza."

"Mimi ananisikianga lini?" Oliver alijibu.

Jioni iliyofuata hakumwuliza mzee kitu. Alimchungulia tu. Ndipo akaona kwamba kidole cha baba yake hakikusimama kwenye injini. Kilisimama kwa mwanamke.

Alikuwepo katika kila picha iliyopigwa kutoka pale kwenye kona. Treni ilipopiga honi, mama huyo alitoka katika nyumba ya mabati iliyokuwa pale chini, akaja kusimama kando ya reli, leso kichwani, mikono nyuma. Hakupunga mkono. Mzee alimgusa kwa kidole, akageuza uso ukutani.

Oliver nusura acheke kwa uchungu. Kumbe ni hilo tu. Mzee anaitaka treni yake peke yake, na mtu asiyehusika anamharibia picha.

Asubuhi alimfuata yule mama mpaka kwenye reli.

"Mulembe, mama. Naomba leo treni ikipita ubaki nyumbani, kidogo tu. Picha ni ya mgonjwa."

Mama alimtazama, hana haraka.

"Pole kwa mgonjwa," akasema. "Lakini mimi nasimamanga hapa."

Alimbembeleza, akamwambia huyo mgonjwa ni baba yake mzazi na kwamba anakufa. Mama alisikitika kweli, ila hakusogea. Honi ikalia. Oliver akapiga picha huku machozi yakimlenga, na mama akiwa palepale.

Alikuwa bado anaihamishia picha kwenye simu Gentrix alipopiga. "Ameanza kutetemeka. Njoo."

Nyuma ya pikipiki, mahindi yakikimbia pande zote mbili, Oliver alifanya alichokuwa akiwafanyia maharusi kila Jumamosi wageni wasiotakiwa walipoingia pichani. Alimfuta yule mama kwa kidole. Nyasi zikajaa mahali pake.

Mzee Masinde aliipokea simu kwa mikono miwili. Akaitazama reli, akatazama kando ya reli. Akaikuza picha, akatafuta tena kwenye nyasi. Halafu akalia. Oliver hakuwa amewahi kumwona baba yake akilia, na furaha ilimjaa.

"Hakutoka," mzee akasema.

"Nani, baba?"

"Mama Mildred. Nilimkanyaga mtoto wake hapo kwa kona. Nilipiga honi, nikafunga breki, lakini treni ya mizigo haisimamangi mara moja. Akaniambia, 'Kila treni ikipita nitasimama hapa. Siku sitasimama, ujue nimekusamehe.' Na mwenye kuua mtoto wa mtu hakanyagi boma la huyo mtu kabla hajasamehewa. Singeweza kulala kwa meza ya daktari kama sijajua."

Nje, gari ambalo Gentrix alikuwa ameliita lilikuwa linanguruma. Mzee akawanyooshea watoto wake mikono wamwinue, uso umemlainika, mwepesi kama wa mtu aliyepona.

"Hospitali tutafika," akasema. "Lakini tupitie Lugari kwanza. Nataka niingie kwake nimshukuru."