Unyayo Bombani

Wiki nzima Rukaya alirudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa kukosa viatu. Leo viatu vyeusi alivyoletewa na mgeni vilimkaa sawasawa, na hapo ndipo mama yake, Mwanaidi, alipoingiwa na shaka.

"Nani kakupa kipimo cha mwanangu?"

Mgeni, fundi wa sare za shule, akatoa njiti ya fagio. "Nilipima unyayo wake kwenye tope, pale bombani."

"Unyayo? Wachawi ndio huchukua nyayo za watoto wa watu!"

"Ningekuuliza, dada, ungenifukuza kama juzi nilipokuja kutaka kumsaidia."

Kengele ya shule ikalia. Rukaya akatimua mbio, viatu miguuni.

Mwanaidi akachukua fagio, akainama kufuta alama mpya mchangani, mtu asije akazichota. Alama zilielekea moja kwa moja shuleni. Fagio likabaki hewani.