Kiti cha Kulia

Torleif alijisahau tena, akaingilia mlango wa kushoto. Jaguar hii kuukuu aliinunua Uingereza, na usukani wake uko kulia. Lakini Mnorwe aliyezeeka na usukani wa kushoto, miguu yake humpeleka kulekule ilikozoea.

Mkewe, aliyemletea kahawa na andazi la iliki, aliangua kicheko mlangoni mwa gereji. "We mzee! Umekaa kwa abiria tena. Sasa nani atakuendesha?"

"Si marehemu mwenyewe!" Torleif akatania. Mjane aliyemuuzia gari alimwambia kwamba mumewe hakuruhusu mtu mwingine aguse usukani ule mpaka anaingia kaburini.

Mkewe akarudi ndani, bado anacheka. Baridi ilikuwa ya kupenya mifupa. Injini ilining'inia kwenye mnyororo, nje ya gari kabisa.

Torleif aliweka mkono kwenye kiti cha kulia ili ajiinue. Ngozi ya kiti, aliyoipaka mafuta asubuhi, ilikuwa imebonyea katikati, kama imekaliwa. Tena ilikuwa na joto.

Kioo cha upande ule kikaanza kufanya ukungu, pumzi baada ya pumzi.

Hakuthubutu kushuka. Polepole akavuta mkanda, akajifunga.