Tairi Zilizoliwa kwa Ndani

Jeki ilikataa kuingia.

Ian alilala kifudifudi barabarani, akaisukuma kwa mkono, kisha kwa kiatu. Wapi! Subaru yake, ambayo hata kabla ya tairi kupasuka ilikuwa chini, sasa ilikuwa imekalia kokoto kama kuku anayetamia. Kwenye kiti cha nyuma mgonjwa aliguna. Ian hakugeuka kumtazama.

Kliniki walikotoka, kule Misikhu, ilikuwa imesema utumbo umejisokota: lazima afike Bungoma apasuliwe kabla ya saa nane. Ilikuwa saa saba na dakika kumi. Ian alikuwa amekata njia ya mkato katikati ya mashamba ya miwa ili akwepe malori ya Webuye, na tangu akwame hapakuwa na gari lolote lililopita.

Si kwamba hakuonywa. Wiki mbili zilizopita, mjini Kitale, Chelagat, fundi wa alainmenti ya magurudumu, alimlaza chini ya gari akamwonyesha kwa tochi.

"Ulikata springi ndiyo gari ishuke," alimwambia. "Sasa magurudumu yamelala. Tairi zinakanyaga na huku ndani tu. Ona, nje ni mpya, ndani zimeisha."

"Si unyooshe tu, bana?"

"Nitanyoosha. Lakini tairi ikishaliwa haioti tena. Nunua zingine, na urudishe hii gari juu."

Ian alicheka akaenda zake. Alikuwa ameteremsha gari ili vijana wa Kitale wageuze shingo, na waligeuza kweli, tusimnyime hilo. Kila asubuhi alizitazama tairi zake kwa nje, akaona zinang'aa, akaridhika.

Na lililomuuma zaidi ni Nasimiyu, jirani aliyemsaidia mgonjwa kuingia garini. Mama huyo alikuwa tayari amefunga leso kiunoni aje naye. Ian ndiye aliyemkatalia. Mtu mmoja zaidi huko nyuma na tairi zingesugua bodi.

Kwa hiyo walikuwa wawili tu. Ian alikuwa ametundika shuka katikati ya viti vya mbele na vya nyuma, na kioo cha dereva alikielekeza juu, kwenye paa. Tangu siku ya harusi yake, miaka sita sasa, yeye na mgonjwa huyu hawakuwa wamekaa meza moja.

Pikipiki ilitokea kwenye miwa. Sifuna, mwenye pikipiki hiyo, alisimama bila kuitwa. Walishika bampa pamoja, wakainua gari, na jeki ikaingia. Ian alikimbilia buti akatoa tairi ya akiba.

Ilikuwa ile aliyoihamisha kutoka gurudumu la mbele. Kwa nje ilimeremeta. Kwa ndani nyaya zilikuwa zimetokeza, na upepo ulishaisha zamani.

"Hii ni takataka," alisema Sifuna. "Wacha gari. Tumpeleke na pikipiki. Wewe kaa nyuma umshike mama yako, yeye hawezi kukaa peke yake."

Ian alirudi nyuma hatua mbili. "Tafuta mtu mwingine amshike."

"Mtu gani? Kwa hii miwa?"

"Mwanamke yeyote. Nitakulipa chochote, ndugu yangu. Tafadhali."

Sifuna alimtazama kana kwamba ametemewa mate. "Ati mgonjwa ni wako na unatafuta wageni? Mlikosana aje, hata akifa hutaki kumshika?"

Ian alitazama huku na huku barabarani.

"Wacha tu," sauti ilisema nyuma ya shuka, hafifu mno. "Heri nibaki hapa."

Alijaribu kutoka mwenyewe. Mguu mmoja ulishuka chini, wa pili haukufuata, na akaporomoka mlangoni. Sifuna alimwahi, akamketisha kwenye pikipiki, lakini alipomwachia tu alianza kuegemea upande kama gunia lililofunguka. Uso wake ulikuwa wa majivu. Saa saba na dakika ishirini na tano.

"Basi amua!" Sifuna alifoka. "Anakufa huyu!"

Ian alifumba macho, akapanda nyuma yake, akamkumbatia.

Alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani. Moyo wake ulidunda kwenye mkono wa Ian, haraka na bila mpango, na kila walipogonga shimo mgonjwa alilia naye akazidi kumkaza. Ian alilia pia, njia yote, bila haya. "Nisamehe," alimnong'oneza kisogoni. "Nisamehe, nisamehe." Kwa muda mgonjwa aliishika mikono yake aitoe. Halafu nguvu zikamwisha, akamwegemea.

Waliingia hospitalini Bungoma saa nane kasoro dakika tano. Machela ikaletwa, mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa, na Ian akabaki ameketi kwenye benchi, mikono ameiweka mbali na mwili wake. Wazee wawili waliokuwa hapo walimsogezea nafasi, wakamsifu. Vijana wa siku hizi hawana moyo kama huo, walisema.

Baadaye muuguzi alitoka na fomu, anatabasamu.

"Umemfikisha kwa wakati, atapona. Wewe ni kijana wake wa ngapi?"

"Mimi si kijana wake," Ian alisema. "Nimeoa binti yake. Na kwetu ni mwiko kumgusa mama mkwe."

Kalamu ya muuguzi ilisimama, na wale wazee wawili wakainuka polepole, wakahamia ukuta wa pili.