Kujumlisha Sita

"Piga saa kumi kamili za huko kwako," dada alimwandikia. "Baba akishameza dawa anapata ahueni kidogo, kisha usingizi unamchukua mpaka kesho."

Saa kumi kasoro dakika mbili alasiri, fundi wa lifti alikuwa ameshajifungia chumba cha mashine, juu ya ghorofa ya kumi na nne, mikono imejaa grisi. Lifti kaisimamisha, wenye haraka zao wapande ngazi. Akapiga. Dada akapokea kwa video, akinong'ona.

"Maskini! Ndiyo kwanza kalala."

Akaigeuza simu. Mzee alikuwa chali kitandani, macho yamefumba, miwani ingali puani.

"Mwamshe basi, dada."

"Daktari kakataza. Jaribu kesho, saa tisa na nusu."

Kesho yake saa tisa na nusu, mzee kalala. Keshokutwa saa tisa, kalala.

"Au huko kwenu wamesogeza saa?" dada aliuliza. "Labda mimi ndiye nachanganya. Nisamehe, mdogo wangu."

Fundi angemlaumu kwa lipi? Miaka sita nyuma mama yao alikuwa mahututi, wakakubaliana kwamba yeye apige saa kumi, waagane. Hakupiga. Mama akakata roho simu ikiwa mkononi. Fundi akawaambia nyumbani kwamba alikosea hesabu ya saa: kwao asubuhi, huku alasiri, kichwa kikamzunguka.

"Hesabu?" baba alisema. Mzee alikuwa amefundisha somo hilo miaka thelathini na minane. "Mtoto wangu mimi, kujumlisha sita kumekushinda?"

Hayo ndiyo yakawa maneno yao ya mwisho. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini yake ilikuwa imefika mwaka wa sita. Ukweli ni kwamba siku ile alikuwa anacheza karata, anashinda, akaona mama hawezi kukosa nusu saa zaidi. Sasa alitaka amwambie baba yake hilo kwa mdomo wake mwenyewe. Mzee amtukane, amlaani akipenda, ila amsamehe kabla hajaondoka duniani. Likizo aliomba, wakamwambia angoje wiki mbili.

Akaendelea kupiga. Siku ya tisa aliona kope za mzee zinacheza.

"Baba!" aliita. "Baba, ni mimi!"

"Anaota tu," dada alisema, na sauti yake ilikwaruza.

Siku ya kumi mzee hakuamka kweli.

Fundi alifika udongo wa kaburi haujakauka. Wiki moja baadaye alimfuata dada yake kazini, watoke pamoja. Juu ya meza yake ukutani kulikuwa na saa tano, kila moja na majira yake.

"Kumbe wewe ndiye mdogo wake Bi Saa!" mfanyakazi mwenzake alichangamka. "Huyu anapanga vikao vya nchi tano. Miaka kumi na mmoja sasa, hajakosea hata dakika!"

Fundi alimgeukia dada yake. 

"Hata dakika, dada? Ila kwa baba tu ndiyo ulichanganya? Nilikukosea nini?"

Dada alivuta droo, akampa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la hesabu, kisha akatazama pembeni.

Mwandiko ulitetemeka, lakini wino ulikuwa mwekundu, ule ule wa kusahihishia. Hesabu tisa za kujumlisha sita zilipangwa safu moja, kila moja imetiwa alama ya vema. Pembeni ya ile ya pili mzee alikuwa ameandika:

"Mwambie apige tisa na nusu. Nitafumba macho dakika moja kabla. Na leo nikumbushe kuvua miwani."