Vitenzi vya Ahadi

Mwalimu Mbelwa aliliahidi darasa la watu wazima: atakayepatia vitenzi viwili vinavyoandamana na neno la Kiingereza "promise", ahadi, atampa barua ya kumpendekeza awe mkalimani wa mahakama. Karani mwenye tai akaandika "finish", kumaliza, akarudishwa kitini. Kisha Zuhena, dobi, akaenda ubaoni na vidole vyake vilivyochubuliwa na sabuni, akaandika: "keep", kutimiza, "break", kuvunja.

"Umepatia," mwalimu alikiri. "Lakini mama, dobi na mahakama wapi na wapi?"

Darasa likacheka. Zuhena akamnyooshea chaki.

"Ahadi ni yako, mwalimu. Vitenzi ni hivyo viwili. Zungushia kimoja duara."

Kicheko kikakatika. Mwalimu akapokea chaki, akageukia ubao, na kila shingo ikanyooka.