Mluzi Nyuma ya Mabanzi

Dionis alikunywa chai yote, akalamba midomo, kisha akasema, "Hapana."

"Hapana nini, na kikombe kimekauka?" Idda, mkewe, alimcheka, akamfuta kidevu.

Tangu kiharusi kimpige, hilo ndilo neno pekee alilobaki nalo. Ukimuuliza kama ana njaa, hapana. Padri alipomletea Komunyo alisema hapana huku mdomo ameshaufungua.

Kuimba aliweza. Idda akianzisha wimbo wa Misa, Dionis aliudaka na kwenda nao hadi mwisho, maneno yote yamenyooka, halafu akarudi kwenye hapana yake. Daktari alisema huo si muujiza. Usemi una chumba chake kichwani, wimbo una chake. Kimoja kimeungua, cha pili kimenusurika.

"Mkumbusheni wimbo alioupenda kuliko yote," alisema. "Huenda ukayavuta na maneno."

Idda aliujua wimbo huo. Haukuwa wa kanisani, wala haukuwa na maneno.

Alipokuwa msichana, akimsaidia shangazi yake kupika kwenye kibanda karibu na stesheni ya Makambako, kila jioni mluzi ulipigwa nyuma ya ua wa mabanzi. Ulipanda, ukapinda, ukakatika ghafla kama mtu aliyejikwaa. Shangazi alikuwa mkali, kwa hiyo Idda aliusikiliza akiwa ameinamia sufuria, akisingizia moshi kila machozi yalipomlengalenga. Siku moja alijitia anakwenda kumwaga maji machafu, akauzunguka ua. Aliwakuta vijana wawili, wapakia mbao. Mmoja, Xaveri, alikuwa ameinama anafunga mzigo. Wa pili alikuwa Dionis, amesimama wima.

"Ni wewe?" Idda aliuliza.

Dionis akatabasamu. Tabasamu lile ndilo lililomtoa Makambako na kumleta kijijini Yakobi, kwenye ndoa.

Mluzi wenyewe hakuusikia tena. Kila alipouomba, Dionis alicheka. "Dume akishapata jike, aimbe nini tena?"

Sasa Idda aliutaka kuliko dawa. Aliamini mume wake amefungiwa mle ndani, na kwamba mluzi ule ndio ufunguo. Alijaribu kuupiga mwenyewe kando ya kitanda. Ukatoka upepo mtupu. Dionis aligeuza uso ukutani.

"Usinikatalie, baba Stella. Mara moja tu."

"Hapana."

Binti yao Stella, anayesomea wanyamapori Morogoro, alikuja likizo na kinda wa kurumbiza aliyeanguka kutoka kiotani. Alilitundika tundu lake kwenye dirisha la baba yake.

"Huyu dume, mama. Kichwani mwake kuna sehemu ya wimbo wa kuchumbia, na sasa hivi iko wazi. Anamsikiliza dume aliye karibu naye, anamwiga. Akipevuka, inafunga. Wimbo atakaoushika ndio atakaokufa nao."

"Na akiushika ule wimbo wa Misa wa baba yako, Utukufu?"

"Basi majike watakwenda utawani."

Walicheka wote, hata mgonjwa.

Stella aliporudi chuoni, nyumba ilirudia mwendo wake. Kila asubuhi Xaveri alikuja kumgeuza Dionis na kumnyoa ndevu, kwa kuwa Idda hakuwa na nguvu ya kumwinua. Ndiye aliyewasimamia ndoa yao, mwenyewe hakuoa.

"Kamwene, Mzee Hapana!" alisalimia mlangoni. "Leo tukunyoe, au unataka kuwa mbuzi?"

"Hapana."

"Hapana kunyoa, au hapana mbuzi?"

Idda alitumia nafasi hiyo kwenda kukata majani ya ng'ombe.

Baridi ilipopungua, ndege aliimba. Idda alikuwa anarudi na mzigo wa majani kichwani. Sauti ilipanda, ikapinda, ikakatika ghafla kama mtu aliyejikwaa. Mzigo ulidondoka. Alikimbia hadi kitandani.

"Umempigia! Nikiwa sipo, unampigia!"

"Hapana," Dionis alisema. Machozi yalimtiririka hadi masikioni.

"Hapana yako naijua mimi." Idda alimbusu paji la uso, akicheka na kulia. "Sasa nipigie mimi."

Dionis alitikisa kichwa, akafumba macho.

Asubuhi iliyofuata Idda alichukua kikapu, akaaga kwa sauti kuwa anakwenda sokoni, akapishana na Xaveri mlangoni. Alipofika barabarani aligeuka. Alirudi kwa kupitia kwenye miparachichi, akachuchumaa chini ya dirisha.

Haukupita muda, mluzi ukaanza. Si wa ndege. Ulikuwa na pumzi ya mtu ndani yake. Ulipanda, ukapinda. Idda alijiziba mdomo kwa khanga. Alikuwemo. Mume wake alikuwemo mle ndani, mzima, na alikuwa akimwita.

Kisha, mluzi ukiwa bado unaendelea, akasikia sauti ya Dionis juu yake.

"Hapana. Hapana. Hapana."

Idda aliingia chumbani. Xaveri alikuwa ameshika wembe hewani, midomo bado imechongoka.

"Shemeji..."

Alimpita bila kumjibu. Alipiga magoti kando ya kitanda, akayashika mashavu ya mumewe yaliyojaa povu.

"Kule Makambako, ni wewe uliyekuwa ukipiga?"

"Hapana."

"Utaniomba radhi?"

Dionis alimtazama machoni, bila kupepesa.

"Hapana."