Vichupa vya Kanana

Kagure alifungua vichupa viwili haraka haraka, akabadilisha vifuniko, chekundu huku, cheupe kule, kisha akavirudisha kwenye friji. Wivu ulikuwa umemtafuna wiki nzima.

Alikuwa ameitumikia maabara hiyo ya Embu tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Halafu akaja Kanana, kabinti kutoka Meru, na sasa hata mlinzi wa getini alimsifu. Kesho Profesa Mwaniki angechagua mmoja wao aongoze utafiti mpya wa saratani. Jaribio ambalo Kanana angeonyesha likiharibika mbele ya wageni walioalikwa, kiti ni cha Kagure.

Mwilini kuna kimeng'enya kinachotulinda kwa kuvuruga jeni za virusi. Kikikosa wa kukizuia, hugeukia jeni zetu wenyewe, na hapo saratani hupata mlango. Kanana alidai amepata protini inayokishika kisitoroke. Kichupa cha kifuniko chekundu, chenye kimeng'enya peke yake, kingewaka chini ya taa ya buluu. Cha kifuniko cheupe, chenye kimeng'enya pamoja na protini ile, kingebaki giza.

"Wacha hicho cheupe kiwake, tuone atasema nini," Kagure alijisemea, akaenda zake nyumbani Manyatta.

Asubuhi Kanana alimkimbilia mlangoni, macho mekundu.

"Daktari, please, nisaidie. Kuna kitu nataka kukuambia kabla—"

"Wageni wamekaa, Kanana. Tutaongea kwa chai."

Kagure alimwona msichana akimeza mate, na roho yake mwenyewe ikatulia kabisa.

Profesa, ambaye tayari alikuwa amevipanga vichupa mezani, alizima taa za chumba na kuwasha ile ya buluu. Chekundu kikawaka. Cheupe kikabaki giza.

Makofi yakalipuka. Kagure aliduwaa, akavitazama vichupa, akavitazama tena.

"Sina haja ya kungoja," Profesa alisema. "Utafiti huu ataongoza Kanana."

Kanana alisimama akilia, akainua mkono kama anayetoa ushuhuda kanisani.

"Bwana asifiwe."

"Amina," wakaitika.

"Jana nilifunga hizo chupa vibaya, kifuniko ya hii nikaweka kwa ile. Nimekumbuka leo asubuhi na Prof ameshazitoa. Mimi sijui ni malaika gani aliingia hapa akanirekebishia."

"Amina!" wakaitika wote, na Kagure pamoja nao.